Tupeane uzoefu: vidonda vya ngozi kwa mbwa, uligunduaje chanzo na ulitibu na nini?

#1
Habari zenu wakuu. Nimeamua kufungua huu uzi kwasababu kila nikikutana na wafugaji wenzangu naona kosa ni lilelile, mbwa anatoka kidonda mtu anakimbilia dawa ya kupaka kabla hajajua kile kidonda kimetokana na nini. Mimi mwenyewe nilifanya hivo na nusura nimpoteze mbwa wangu, kwahiyo naanza na yangu.

Alikua dume wa miezi mitano. Nikaona nywele zimenyonyoka juu ya jicho, kaduara kadogo tu kama ukucha wa kidole gumba. Hajikuni, anakula, anacheza. Wiki iliyofuata kakatokea kengine pembeni ya mdomo, halafu mguu wa mbele. Ndani kulikua na krimu ya binadamu iliyobaki, ile yenye steroidi ya kutuliza muwasho, nikawa nampaka asubuhi na jioni. Siku tatu za kwanza wekundu ukapungua nikajua nimepatia. Kufika wiki ya tatu mbwa uso umevimba, vipele vya usaha mpaka kidevuni, ngozi inanuka, miguu ya mbele imejaa anachechemea.

Nilipomfikisha kwa vet (daktari wa mifugo) nilitegemea atoe sindano, hakutoa. Alichukua kisu kidogo akakipaka mafuta, akaminya ngozi kwa vidole, akakwangua taratibu mpaka kadamu kakachungulia, akaweka kwenye kioo na kuniita niangalie kwenye maikroskopu. Vidudu virefu vyembamba, vimiguu vimejipanga upande wa kichwani tu. Demodeksi. Akanieleza kwamba karibu kila mbwa anao wachache, anawapata kwa mama yake siku zile za mwanzo akinyonya, na kinga ya mwili ndo inawazuia wasizaliane hovyo. Ile steroidi yangu ilishusha kinga wakapata nafasi. Kilichoniuma zaidi ni pale aliposema vile vidoa viwili vitatu kwa mbwa mdogo mara nyingi vinaisha vyenyewe bila dawa yoyote.

Alipewa vidonge vya kutafuna vya kundi la isoksazolini, hivihivi vya viroboto na kupe, antibayotiki kwa ajili ya usaha, na shampuu ya benzoili peroksaidi. Na sharti moja, dawa haiachwi kwasababu nywele zimerudi, inaachwa akikwanguliwa mara mbili, mwezi mzima katikati, na asionekane mdudu hata mmoja. Wiki ya sita nywele zimeota kweli nikatamani kuacha, wiki ya nane akakwanguliwa bado wapo. Tulimaliza mwezi wa tano tangu tuanze dawa.

Leteni zenu. Naomba mseme kidonda kilikaa sehemu gani ya mwili, mbwa alikua anajikuna au hajikuni, na nani alikigundua chanzo.

#2
Asante mleta uzi, hapo kwenye kujikuna umegusa penyewe. Wangu alikua kinyume kabisa na wako, yaani alikua hajui kulala. Usiku kucha unasikia kwato, samahani namaanisha kucha, zinagonga sakafu, anajikuna mpaka analia. Vidonda vilianzia kingo za masikio, ngozi ikawa ngumu na magamba ya njano njano, halafu viwiko, halafu tumboni. Mimi nikajua ni vumbi nikazidisha kumuogesha.

Baada kama ya siku kumi mtoto wangu akatoka vipele mkononi, mimi kiunoni pale mkanda unapokaa. Hapo ndo nikashtuka. Vet alivyosikia na sisi tunawashwa akashika ncha ya sikio la mbwa akaisugua kwa vidole, mguu wa nyuma ukaanza kurusha wenyewe kama anajikuna. Akasema huu ni ukurutu, ule upele wa mbwa. Alikwangua sehemu nne hakuona mdudu hata mmoja, nikauliza sasa mbona huna uhakika, akanijibu hawa wanachimba ndani na ni wagumu kukamatwa, kutomuona si ushahidi kwamba hayupo, kwahiyo anatibu kwa dalili na majibu ya dawa ndo yatathibitisha.

Jambo ambalo nisingelijua, mbwa wengine wawili waliokua hawana hata kipele walipewa dawa siku ileile. Matandiko yote tulifua kwa maji ya moto. Sisi binadamu hatukutumia dawa ya kuua wadudu, tuliambiwa hawa wa mbwa hawawezi kuzaliana kwenye ngozi ya mtu, mbwa akipona na sisi tunapona, na kweli ndani ya wiki tatu tulikua salama. Mbwa muwasho ulianza kupungua wiki ya pili.

#3
Nauliza tu, hiyo si ndo wengi wanachoma ivamektini ya ng'ombe?

#4
#3 ndugu yangu tafadhali sana usifanye hivo kwa kukisia. Ivamektini inatibu ukurutu ni kweli, ila dozi ya ng'ombe imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, ukikosea mstari mmoja kwenye sirinji kwa mbwa wa kilo kumi umemzidishia vibaya. Pia kuna mbwa wamezaliwa na kasoro ya jeni inaitwa MDR1, hasa Collie na ndugu zake akina Australian Shepherd na waliochanganyika nao, kwao dawa inapenya mpaka kwenye ubongo. Mbwa anaanza kuyumba, mate yanamtoka, haoni, anazimia, wengine hawaamki. Nimemuuguza mmoja wa jirani siku nne kwa dripu, alipona lakini sitaki kuona tena.

#5
Mimi nina jike mwenye manyoya marefu mazito. Jumamosi jioni tumemuogesha hana kitu, jumapili asubuhi kwenye nyonga kuna kidonda ukubwa wa kiganja, chekundu, kimelowa, nywele zimegandana kwa maji maji, ukigusa anageuka kutaka kuuma na huyu hajawahi kuuma mtu. Nilidhani kaungua au kamwagiwa kitu. Nililia jamani.

Kumbe kuna vidonda vya hivo vya kuibuka ndani ya masaa tu. Kitu kinamuwasha, anaramba na kutafuna palepale, ngozi inabaki na unyevu chini ya manyoya yasiyokauka, bakteria wanajaa, anazidi kuramba. Alinyolewa eneo lote mpaka nje ya wekundu, kidonda kilikua kikubwa mara mbili ya tulichokiona. Akasafishwa na klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, akavalishwa ile koni ya plastiki shingoni asifikie, na akapewa vidonge vya steroidi siku chache kukata muwasho. Nasema hili kwasababu ya story ya mleta uzi, dawa iliyomuumiza mbwa wake ndo iliyompa nafuu wa kwangu usiku uleule. Kwahiyo mtu akikwambia nipe jina la dawa ya vidonda vya mbwa, hakuna jibu.

Sasa kitu gani kilikua kinamuwasha? Hapa ndo pana somo. Daktari alichana kiunoni karibu na mkia kwa kitana cha meno ya karibu karibu, vikadondoka vichenga vyeusi kama pilipili manga, akaviweka kwenye tishu nyeupe iliyolowa, vikatoa rangi ya kutu. Damu. Kinyesi cha kiroboto. Mimi naapa sikuwahi kuona kiroboto kwa huyu mbwa, lakini akiwa na mzio wa mate ya kiroboto hata wachache tu wanatosha, na kwa jinsi anavyojitafuna anawameza wengi kabla hujawaona. Tena wale wakubwa wanaokaa kwenye mwili ni sehemu ndogo, karibu 5% tu, waliobaki ni mayai, viluwiluwi na wale waliojifungia kwenye vikasha vyao, wako kwenye zulia, kwenye nyufa za sakafu, kwenye tandiko lake. Vikasha vinaweza kukaa miezi vinasubiri. Ndo maana watu wanasema nimempa dawa mara moja haikufanya kazi. Mimi nilimpa kila mwezi bila kuruka, na paka pia (dawa ya PAKA, sio ya mbwa, zile zenye permethrini zinaua paka), nikafua na kufyonza vumbi kila baada ya siku mbili. Ilichukua kama miezi mitatu nyumba kutulia. Kidonda chenyewe kilikauka kwa wiki moja.

#6
Kwa wenye mbwa wa masikio yaliyosimama, mfano German Shepherd. Vidonda vya nchani kabisa mwa masikio vyenye damu iliyoganda nyeusi, angalia kwanza nzi wanaouma. Wangu nilimtibu fangasi mwezi mzima bure. Nilikaa naye tu mchana nikaona nzi wametua foleni kwenye ncha ya sikio wanakunywa damu. Kusafisha, kumuingiza ndani mchana, kinyesi bandani kuondolewa kila siku, dawa ya kufukuza nzi aliyoitoa vet. Kwisha.

#7
Ya kwangu ndefu kidogo mnivumilie maana nilihangaika mwaka na nusu.

Mbwa wangu alianza akiwa na mwaka mmoja, vipele vya usaha tumboni na mapajani, vikipasuka vinaacha duara lenye ukingo wa magamba. Mimi nikasema hii ni choa, mduara si choa? Nikapaka dawa ya fangasi wee. Kwenda kwa vet akabandika kioo juu ya kipele, akapaka rangi akaangalia, bakteria watupu, wale stafilokokasi wanaoishi kwenye ngozi ya mbwa siku zote. Antibayotiki wiki tatu, akapona, nikashangilia. Wiki tano zikarudi. Antibayotiki tena, akapona, zikarudi. Mara ya nne dawa haikugusa kitu ikabidi usaha upelekwe maabara kuoteshwa, majibu yakasema dawa ile bakteria wameshaizoea. Na nakiri mara mbili nilikatisha vidonge siku ya tisa kwa kuwa nilimuona mzima.

Nikabadilisha daktari. Huyu wa pili hakuuliza habari za vipele kabisa, aliuliza, anaramba nyayo? Ndiyo. Masikio yanamnukia? Ndiyo mara kwa mara. Tangu lini? Tangu mdogo, mwaka mzima bila kujali msimu. Akaniambia tumekua tunafuta maji sakafuni na bomba liko wazi. Ngozi yake ina mzio, inawasha na inadhoofika, bakteria ni wageni waliokuta mlango wazi. Tukaanza jaribio la chakula, wiki nane, aina moja ya nyama ambayo hajawahi kula maishani na aina moja ya wanga, basi. Hakuna mfupa, hakuna biskuti, hakuna mabaki ya mezani, hata vidonge vyenye ladha ya nyama vilibadilishwa. Jamani wiki nane ni ndefu! Wiki ya tatu mgeni alimpa kipande cha kuku nikaanza upya kuhesabu.

Wiki ya saba alikua hajirambi nyayo. Tukamrudishia kuku makusudi, siku ya nne masikio mekundu na kuramba kumerudi. Hapo ndo nikaamini. Saizi ana miaka sita, hajala antibayotiki karibu miaka mitatu, anaogeshwa klorheksidini mara moja kwa wiki, povu linakaa dakika kumi kamili, naangalia saa, kabla ya kusuuza maana ukisuuza papo hapo umepoteza shampuu.

#8
Nafanya kazi ya kuhudumia wanyama kliniki, naongezea machache. Oili chafu ya gari bado watu wanapaka. Naombeni muache, mbwa anairamba, inaunguza ngozi, ikiingia kwenye mapafu ni nimonia. Krimu zenye zinki akiramba zinamdhuru. Haidrojeni peroksaidi na spiriti zinaua na ile nyama mpya inayojaribu kuota. Na dawa za maumivu za binadamu usimpe kabisa.

Ukiwa unasubiri kumuona daktari, chemsha maji, nusu lita na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, safisha taratibu, kausha kwa kugusisha sio kusugua, mzuie kuramba. Piga picha kila siku kwenye mwanga uleule. Na usimuogeshe asubuhi ya kwenda kwa daktari, unatuoshea ushahidi.

Kuhusu choa, #7 ulikua sahihi kuiogopa ingawa haikua yenyewe, kwasababu inahamia kwa watoto na kwa paka. Ile taa ya zambarau ya kupimia choa, inayong'arisha nywele, inakamata baadhi tu, isipong'aa usijihesabu umesalimika, nywele zioteshwe maabara na majibu yanaweza kuchukua wiki mbili tatu.

#9
Wangu ni mzee, miaka kumi na moja. Alikua na kidonda kimoja pajani, kidogo kama punje ya mahindi, hakiwashi, hakina usaha. Kikawa kinavimba kesho kinasinyaa, kinavimba kinasinyaa, na mimi kwa kuwa kinasinyaa nikawa naona kinapona. Miezi miwili nzima. Nilipokuja kusoma uzi kama huu wa watu kuelezana ndo nikampeleka, daktari akachoma sindano nyembamba akavuta vichembe kidogo, akaangalia, akanyamaza. Uvimbe wa seli za masti, saratani ya ngozi. Akanieleza kule kuvimba na kusinyaa ni tabia yake kabisa, na akanikataza kuuminya.

Ulikatwa pamoja na nyama nzima ya pembeni, maabara wakasema kingo ni safi, yaani hazina seli za saratani, na ni wa daraja la chini, yaani si mkali. Huu ni mwezi wa kumi na nne. Pale pajani nywele zimeota nyeupe, na kila jumapili namlaza ubavu nampapasa kuanzia midomo mpaka katikati ya vidole, ameshazoea, anajigeuza mwenyewe upande wa pili ukifika.