Miezi minne: maziwa yamepungua au matiti yamelainika tu?

MamaUyole: Habari zenu ndugu zangu. Mtoto wa kike, miezi minne, ananyonya tu. Alizaliwa na kilo 3.1, mwezi wa tatu kliniki alikuwa 5.7, sasa 6.2. Matiti hayajai wala kuvuja tena, na nikikamua kazini napata mililita 60. Nyumbani wanasema nianze uji wa ulezi.

MkungaKihesa: Dada, uji usubiri miezi 6. Nusu kilo kwa mwezi, umri huo, ni ukuaji mzuri. Wiki za mwanzo homoni za uzazi ndizo zinazosukuma maziwa, matiti yanajaa mpaka yanauma. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 mwili unaanza kufuata anachonyonya mtoto, ndipo yanalainika. Mahitaji yake hayabadiliki sana toka mwezi wa 1 hadi wa 6, wastani ni mililita 750 hadi 800 kwa siku. Hizo 60 zisikutishe, mkono haukamui kama mtoto. Hesabu nepi: 6 au zaidi zilizolowa kwa saa 24, mkojo usio na rangi kali. Mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukilala badala ya kupanda, wahi kliniki.

Lishe_Mafinga: Mimi naogopea kazini. Titi likikaa limejaa muda mrefu linapunguza kutengeneza. Kamua kila baada ya saa 3. Baridi hii ya Juni, kanda kwanza kwa taulo la maji ya uvuguvugu. Kidole gumba juu ya weusi wa titi, vingine chini. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie. Usivute chuchu. Maziwa yakipungua, hamia titi la pili, kisha rudia yote mawili. Mtoto apewe kwa kikombe kisafi. Usiku usiruke, homoni ya maziwa hupanda zaidi saa hizo. Na sheria ya ajira ya Tanzania inakupa hadi saa 2 za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, ziombe.

MamaUyole: Asanteni sana. Mwezi uliopita nimeanza vidonge vya uzazi wa mpango. Vinahusika?

MkungaKihesa: Vinaweza. Vyenye homoni ya estrojeni hupunguza maziwa, na anayenyonyesha hashauriwi kuvitumia kabla ya miezi 6. Peleka pakiti kliniki wasome, wakubadilishie vya homoni ya projestini pekee, visivyo na estrojeni, au kipandikizi. Usiviache kabla hujapata mbadala.