Kaka anatoka kituoni baada ya miaka 12, anataka chumba chake mwenyewe. Tuanzie wapi? (Tanga)

Mwana wa Ngamiani:
Wakuu, salamu. Kaka yangu alianza kuugua akili akiwa chuoni. Mwaka 2013 tukampeleka kwenye kituo kimoja cha kulea wagonjwa, nje ya mkoa. Tuliambiwa miezi sita. Leo ni mwaka wa 12. Kusema kweli hakuna aliyemng'ang'ania, sisi ndio hatukwenda kumchukua. Mama aliumwa, akafariki, mambo yakaenda hivyo hivyo.

Sasa daktari anasema ametulia siku nyingi, anaweza kurudi uraiani. Mwenyewe anataka apange chumba, hataki kukaa kwa mtu. Mwezi uliopita nilikaa naye kwangu Makorora siku nne. Dawa anameza bila kukumbushwa, maongezi safi, Coastal Union ya zamani anaitaja mchezaji mmoja mmoja. Lakini asubuhi ya kwanza nilimkuta kasimama sebuleni mbele ya mlango, kashavaa viatu. Mlango umerudishiwa tu, hauna komeo. Namuuliza vipi, ananijibu anasubiri ufunguliwe.

Nikampa elfu tano akachukue mkate dukani. Karudi na chenji kiganjani anaigeuzageuza, ananiuliza noti ya mia tano imeenda wapi. Sarafu ya mia tano ilitoka 2014, yeye tayari yuko ndani.

Nimpangie, au nimjengee kachumba uani kwa shangazi, Duga? Mwenye nyumba aambiwe? Shangazi anasema tutamuua huyo mtoto. Mtoto mwenyewe ana miaka 36.

Kibosile:
Mkuu, acha alipo. Siku akiwasha jiko akalala utakuja kuanzisha uzi mwingine.

Nesi Mstaafu:
Kibosile, wazima wangapi wanalala na jiko linawaka?

Mleta mada, pole na hongera. Usimtoe huko mikono mitupu. Omba barua ya rufaa, na orodha ya dawa zote na dozi zake. Kama anachoma sindano ya mwezi, Modecate, andika tarehe ya mwisho kuchomwa. Atoke na dawa za mwezi mzima, na kabla hajatoka mpeleke hospitali ya Bombo afunguliwe faili, akutane na watu wa kliniki ya akili mwenyewe. Wengi niliowaona wakirudia kuumwa hawakuwa wameshindwa maisha. Dawa ziliisha wiki ya pili, na hakuna aliyejua pa kuchukua nyingine.

Muulize anameza nini. Kama ni Largactil, jua la Tanga litambabua, avae kofia na mikono mirefu. Shingo ikikakamaa au macho yakipinda juu, hiyo ni dawa inamsumbua, si jini. Awahishwe hospitali, kuna dawa ya kulegeza.

Na mkae naye sasa akiwa mzima, awaambie mwenyewe alianzaje kuumwa zamani. Mwingine huanza kwa kukosa usingizi siku mbili tatu, mwingine anaacha kuoga, mwingine anaona majirani wanamsema. Hizo dalili mziandike, na aandike yeye nani apigiwe simu. Msisubiri mpaka avunje vyombo.

Abuu Sahare:
Na kusomewa je? Kuna sheikh namjua.

Nesi Mstaafu:
Asomewe, mwanangu, dua haikatazwi. Ila atakayemwambia aache dawa, huyo mkimbieni.

Mbeba Maboksi:
Niko Chicago, kazi yangu ni hii hii ya kuwahamisha watu kutoka vituoni kwenda kuishi kwao. Huku Illinois walikuwa na maelfu ya watu kama kaka yako wamewekwa kwenye majumba ya kulelea. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Olmstead, kwamba kumfungia mtu kwenye taasisi wakati anaweza na anataka kuishi mtaani ni ubaguzi. Wakazi wa majumba ya huku nao wakashitaki jimbo, na mwaka 2010 jimbo likakubali mbele ya mahakama kuwahamisha wanaotaka. Mtu anapata nyumba yake, analipa kama asilimia 30 ya kipato chake, nyingine inafidiwa, na kuna mfanyakazi anampitia.

Najua Tanga hakuna wa kufidia kodi. Ila kuna kitu hakihitaji hela. Tunaanza kwa kumuuliza mwenyewe anataka kuishi wapi, halafu tunafanya mazoezi kabla hajahama: kununua, kupika, kupanda basi. Wengi niliowahamisha kupika hakukuwasumbua. Kilichowasumbua ni Jumapili mchana. Kituoni kuna kelele saa zote, chumbani unasikia feni tu. Mtafutie pa kwenda Jumapili.

Mama Chumbageni:
Mimi nina wapangaji. Mwanangu, usinifiche, ila usije na hadithi nzima ya ugonjwa. Niambie ndugu yangu anatumia dawa, namba yangu hii, lolote nipigie. Ukinificha halafu nikasikia kisimani, hapo ndipo nitakapomtoa. Na asije na kodi ya miezi sita, mwombe mwenye nyumba miezi mitatu, muone kama panamfaa.

Dogo wa Baiskeli:
Muone afisa ustawi wa jamii wa kata. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotolewa mikopo, 2 ni ya watu wenye ulemavu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataja ulemavu wa akili pia. Anajua kazi gani?

Mwana wa Ngamiani:
Kituoni alikuwa anasuka vikapu na kukamua ng'ombe. Kukamua ndiyo anapenda.

Dogo wa Baiskeli:
Basi mpangie upande wa Pongwe, huko kuna watu wana ng'ombe. Mjini atakamua nini?

Mwana wa Ngamiani:
Mrejesho, wakuu. Bombo tumekwenda, faili lipo. Uani kwa shangazi amekataa kwa mdomo wake, tumepata chumba Pongwe, miezi mitatu. Mwenye nyumba ana ng'ombe wawili. Jumapili atakuwa anakuja Duga kula, shangazi kanuna ila keshauliza kama bado anapenda samaki wa kupaka.

Jana nilimpelekea kufuli lenye funguo mbili. Kalifunga na kulifungua kama mara kumi hivi. Akaniuliza ufunguo wa pili nakaa nao mimi? Nikamwambia ni wake, aamue. Kafikiri weee, kasema mpe shangazi.