UZI WA MALALAMIKO: Acheni kupandisha chipukizi kwa kuangalia nyota tu, mnaiua ligi yetu!

Wakuu, uzi huu ni wa mameneja wote wa ligi yetu ya besiboli ya kwenye kompyuta, wa Mtwara mjini, Masasi, Newala, Lindi mpaka Kilwa Masoko. Nina hasira na sizifichi. Kila kamishna, yaani msimamizi wa ligi, akisogeza msimu wiki moja na kurudisha faili, unafungua unakuta kijana wa miaka 19 ametolewa ngazi ya A (chini yake AA, na AAA iliyo mlangoni mwa ligi kuu, zikirukwa zote) na kuwekwa ligi kuu moja kwa moja, eti ana nyota tano. Mwezi haujaisha wastani wake wa mapigo ni .160, aibu tupu. Anashushwa, anapandishwa tena, mwisho anauzwa kwa bei ya kutupa. Hiyo ni kangomba, ule ulanguzi wa korosho kwa bei ya kutupa, tena mnaifanya kwa mikono yenu wenyewe! Anayenunua kila mwaka ni yule yule mwenye subira, halafu mnakuja kulalamika kwamba ubingwa unazunguka timu mbili.

Korosho haichumwi mtini, inasubiriwa idondoke. Kwa watu wa huku hilo halihitaji semina.

Tuanze na hizo nyota. Zinazowatoa macho ni za uwezo wa baadaye, si wa leo, na ni maoni ya skauti. Kama bajeti yenu ya skauti ni ndogo, maoni hayo yanaweza kuwa mbali kabisa na ukweli. Fungueni ukurasa wa mchezaji mlinganishe alichosema skauti wenu na walichosema OSA, skauti wa pamoja wa mchezo wenyewe. Wakitofautiana sana, msimguse kijana mpaka aangaliwe upya. Kisha hakikisheni viwango vinapimwa dhidi ya ligi kuu, si dhidi ya ngazi anayochezea sasa. Kuna watu humu wanaona 60 kwenye kipimo cha 20 hadi 80 na hawajui kwamba wanaangalia 60 ya ngazi ya AA.

Cha kuangalia ni uwezo wa SASA, kipengele kwa kipengele. Mpigaji mwenye nguvu 65 lakini kugusa mpira 30 ataliwa na warushaji wa ligi kuu, hata kama nyota zake zinajaza kioo. Kanuni yangu ya kumtoa AAA kwenda juu: kugusa mpira 45 au zaidi, kukwepa straiki 45 au zaidi, na jicho, yaani kutambua mirusho mibovu na kuiacha, lisiwe chini ya 40. Nguvu inaweza kuja baadaye.

Takwimu nazo zina utaratibu wake. Mtu anapiga .380 kwa wiki mbili mnampandisha! Idadi ya kutolewa kwa straiki huanza kuaminika baada ya zamu 60 hivi za kupiga, na besi za bure (anazopewa mpigaji kwa mirusho minne mibovu) baada ya zamu 120 hivi. Wastani wa mapigo hata msimu mzima hautoshi, maana bahati ya mpira kuangukia pasipo na mtu ni kubwa mno. Kwa hiyo subirini zamu 200, kisha tazameni OPS+, kipimo cha jumla cha upigaji ambacho 100 ni wastani wa ngazi ile. Akiwa 120 na zaidi na straiki hazimsumbui, mpandisheni ngazi MOJA. Akifika juu na baada ya zamu 150 yuko chini ya 70, mrudisheni mapema kabla hajapoteza msimu mzima.

Sasa linaloniuma kuliko yote: opsheni, yaani ruhusa ya kumshusha mchezaji kwa msimu mmoja bila timu nyingine kumchukua. Mchezaji akishaingia kwenye orodha ya watu 40, ambao timu kuu inawalinda wasichukuliwe, kwa kawaida ana opsheni tatu tu. Msimu wowote akiwa kwenye orodha hiyo na akakaa ngazi za chini siku 20 au zaidi, opsheni moja imeliwa. Mkimwingiza kijana wa miaka 19 kwa pupa, mkimshusha akiwa na 19, 20 na 21, basi akifika 22, umri ambao ndio kwanza anakomaa, hamwezi kumshusha bila kumpitisha kwenye soko la wazi ambako timu yoyote inamchukua. Mmemlea miaka minne, mwenzenu anamwokota bure. Mnaona mantiki hapo?

Wengine wanajitetea kwamba wanamlinda kijana na drafti ya Sheria ya 5, ambako timu huchukua vijana wa wenzao wasio kwenye orodha ya 40. Someni sheria! Aliyesainiwa akiwa na miaka 18 au chini yake ana misimu mitano kabla ya kuwa hatarini, na wa 19 kwenda juu ana minne. Hata akichukuliwa Desemba, timu iliyomchukua lazima imweke kwenye kikosi cha watu 26 msimu wote, la sivyo irudi kuwauliza mnamtaka. Kijana wa ngazi ya A hakuna atakayemvumilia hivyo. Wa kulindwa ni yule wa AA au AAA anayeweza kukaa benchi la mtu bila kumwaibisha.

Hesabu ya siku nayo hamuigusi. Mwaka mmoja wa utumishi, yaani wa kuwa ligi kuu, ni siku 172, msimu una siku kama 187, na mchezaji anakuwa huru kwenda timu yoyote baada ya miaka sita. Aliye tayari kabisa, mkimwacha AAA siku 16 za mwanzo tu, mnabaki naye msimu mmoja zaidi. Chicago Cubs walimpandisha chipukizi wao Kris Bryant tarehe 17 Aprili 2015, akamaliza na siku 171, pungufu ya siku moja. Alilalamika na akashindwa mwaka 2020. Huko Marekani, tangu mkataba wa 2022 kati ya wachezaji na timu, anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili katika tuzo ya chipukizi bora hupewa mwaka kamili, kwa hiyo ujanja huo haumfai kila mtu. Lakini jueni mnachokitoa kabla ya kubonyeza!

Jibu, kutoka Newala:
Mkuu umesahau warushaji. Anayeanza mechi anahitaji mipira ya aina tatu iliyofika angalau 45 sasa hivi, stamina 50 na udhibiti 45. Mwenye mipira miwili mizuri ni wa kuingia mwishoni mwa mechi, na kumng'ang'aniza aanze ni kumwonea. Udhibiti ukiwa 35 msimguse, maana besi za bure zitamuua hata kama mpira wake unapaa.

Jibu, kutoka Lindi:
Naunga mkono, na naongeza: msiweke wadakaji wawili wazuri ngazi moja wakagawana mechi. Kijana wa benchi hakui, na ujuzi wa nafasi unapanda kwa kuicheza nafasi hiyo. Mmoja AA, mwingine A.

Jibu, kutoka Kilwa Masoko:
Hapo kwenye kusubiri sikubaliani kabisa. Septemba kikosi kinaruhusiwa watu 28. Chipukizi ambaye tayari yuko kwenye orodha ya 40 mpandisheni wakati huo. Hafiki siku 45, na asipozidisha mara 130 za kupiga rasmi au inningi (vipindi) 50 za kurusha, bado anahesabika chipukizi mwaka unaofuata.

Mfungua uzi:
Wa Kilwa, nakubali kwa sharti hilo la orodha ya 40, na acheze, asikae benchi. Kwa wengine: wengi wenu kazi ya kupandisha na kushusha mmemwachia msaidizi wa kompyuta, ndiyo maana mnashangaa kila wiki. Ingieni kwenye mipangilio ya majukumu ya meneja, ngazi za chini mzichukue mikononi mwenu, mhifadhi, kisha mtume faili kabla kamishna hajasogeza msimu. Faili lisipofika, mipangilio ya zamani ndiyo itakayotumika.