Mrejesho: Tulilala ryokan Japani

Wakuu, niliwauliza kama miaka kumi ya ndoa tukiadhimishia Japani tulale hoteli ya kawaida au ryokan, zile nyumba zao za wageni za jadi. Wengi mlisema ryokan, walau siku moja. Asanteni. Tulilala mbili, mji wa Hakone. Kyoto tukabana matumizi: chumba cha kugeuka kwa zamu.

Ryokan unavua viatu mlangoni, unapewa yukata, joho lao jepesi la pamba, na chakula cha jioni kinakuja kwa visahani vidogo vidogo. Nilihesabu kumi na moja nikaacha. Mkimaliza, mhudumu anatandika godoro juu ya tatami, mikeka yao ya sakafuni. Kwenye bwawa la kuogea la maji ya moto wanaume kwao, wanawake kwao, na unaingia mtupu, ukishajisugua kwanza. Mama watoto aligoma siku ya kwanza. Ya pili nilimsubiri nje saa nzima.

Fushimi Inari, hekalu la mlimani kule Kyoto, tulifika saa kumi na moja alfajiri. Hakuna kiingilio, na yale malango yake mekundu yaliyopangana njiani yalikuwa yetu peke yetu. Tunashuka saa tatu, watu kama Kariakoo.

Osaka, takoyaki. Mimi mtu wa Tanga, pweza namjua, lakini huyu wa ndani ya donge la unga aliniunguza ulimi, siku mbili sikuonja kitu.