Je, elektrodi yenye vitundu vingi zaidi ndiyo bora?

Swali: Ninatengeneza kihisi cha kielektrokemia cha kupima risasi na kadimi katika chakula. Je, kadiri kaboni ninayoipaka juu ya elektrodi inavyokuwa na vitundu vingi, ndivyo kipimo kinavyokuwa makini zaidi?

Jibu la kwanza: Si lazima. Eneo kubwa la ndani huzipa ayoni nafasi nyingi za kunaswa, lakini pia huongeza mkondo wa kuchaji, yaani umeme unaokwenda kuujaza uso wa elektrodi chaji, ambao hutokea hata pasipo kichafuzi chochote na unaweza kuimeza ishara ndogo unayoitafuta. Mbinu za mipigo, yaani kubadilisha volti kwa vipindi vifupi vifupi, husaidia, kwa kuwa husoma mkondo mwishoni mwa kila mpigo, mkondo wa kuchaji ukiwa umeshapungua, ingawa katika vitundu virefu na vyembamba mkondo huo wa kuchaji hufifia polepole.

Jibu la pili: Mimi ningeanza na ukubwa wa kitundu kabla ya idadi. ZIF-8, kwa mfano, ambayo ni nyenzo ya vitundu iliyoundwa kwa zinki na molekuli za kikaboni, ina milango ya nanomita 0.34 hivi; molekuli kubwa kama aflatoksini, sumu ya ukungu kwenye chakula, haipiti humo, hata eneo la ndani liwe kubwa namna gani. Isitoshe, nyenzo hiyo haipitishi umeme vizuri, na ndiyo sababu watu huichanganya na grafini, aina ya kaboni inayopitisha umeme vizuri.

Muulizaji: Na protini za maziwa, hazitaziba uso?

Jibu la kwanza: Kwa metali, sampuli kwa kawaida humeng'enywa kwanza kwa asidi, hivyo protini huharibiwa. Ukipima maziwa mabichi moja kwa moja, jaribu dhahabu yenye vitundu vya nanomita: protini kubwa hukwama nje, ilhali ayoni huendelea kupenya.