Livingstone au Dar es Salaam? Wana-Lubumbashi, tupeane uzoefu kabla ya mwezi wa saba

Baba Mapacha, Katuba

Wandugu, nawasalimu nyote. Kwa miaka miwili mimi na mke wangu tumekuwa tukiweka fedha katika likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ya wafanyakazi wenzetu, na zamu yetu ya kupokea itaangukia mwezi wa sita, majuma machache kabla ya shule kufungwa. Tumekubaliana kwamba mara hii fedha hiyo haitaingia katika mabati wala matofali. Tutatoka nje ya nchi sisi wawili, watoto wetu, na mama yangu mzazi, mwenye miaka 68, ambaye hajawahi kupita Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia.

Uwezo wetu unafikia mji mmoja tu: Livingstone ya Zambia, kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria), au Dar es Salaam ya Tanzania, baharini. Watoto wanataka maporomoko. Mama hajasema lolote, na kwa jinsi ninavyomfahamu, hatasema mpaka aulizwe mara ya tatu. Naomba aliyefika atusimulie aliyoyaona mwenyewe, hasa njia, malazi, na mahali fedha yake ilikoishia.

Mwalimu, Kamalondo

Papa, mimi nilifika Livingstone mwaka 2018, juma la Pasaka. Tulilala Lusaka, kisha tukapanda basi la kusini, kilomita zipatazo 470. Mto Zambezi hujaa kati ya mwezi wa tatu na wa tano, kwa sababu mvua za kaskazini-magharibi ya Zambia na za Angola huchukua muda mrefu kuteremka mpaka pale. Nilidhani kwamba maji yakiwa mengi ndipo maporomoko yanapendeza zaidi. Lakini ule ukuta wa maji, ambao kimo chake kinazidi mita 100 na upana wake unakaribia kilomita 1.7, hatukuuona. Tulisimama kwenye daraja la miguu liitwalo Knife-Edge huku mvuke ukipanda kutoka bondeni na kutuangukia kama mvua ya masika, na binti yangu akanishika mkono akiuliza maji yenyewe yako wapi, ilhali ngurumo yake tuliisikia mpaka kifuani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wenyeji waliyaita moshi unaonguruma. Makoti ya mvua tuliyokodi hayakutusaidia kitu.

Mwezi wa saba ni afadhali sana, kwa kuwa maji bado ni mengi na moshi umepungua. Kuhusu fedha, chakula hakikutuumiza, maana nshima na samaki wa mtoni ni bei ya mtu wa kawaida. Kilichotumaliza ni mambo ya watalii, kama vile mashua za jioni, ambayo mengi yamepangiwa bei ya dola, na pia kiingilio cha mgeni kinazidi cha mwenyeji. Ukiridhika na maporomoko, jumba la makumbusho la mjini na kijiji cha Mukuni, siku mbili zinatosha kabisa. Lakini ni siku mbili tu, na njia ya kwenda na kurudi ni ndefu kuliko hizo siku. Jambo hilo naomba ulifikirie kwa ajili ya mama.

Yaya wa Ruashi

Naongeza neno moja kwa wanaopanga likizo ya mwisho wa mwaka. Nilikwenda mwezi wa kumi na moja mwaka 2019, mwaka wa ukame mkali, na upande wa Zambia niliona mwamba mtupu kwa sehemu kubwa. Maji yaliyosalia yalikuwa upande wa Zimbabwe, nasi hatukuwa na viza ya kuvukia huko. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimeweka akiba mwaka mzima.

Mama Vitenge, soko la Kenya

Baba Mapacha, mimi wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, naijua Dar kwa biashara tangu mwaka 2014, hivyo nitasema kwa urefu.

Jambo la kwanza ni lugha. Mama yako akifika Copperbelt, kaskazini mwa Zambia, Kibemba chake kitamsaidia, lakini Livingstone ni Kitonga, Kilozi, Kinyanja na Kiingereza, na atakuwa anasubiri kutafsiriwa kila anapotaka maji ya kunywa. Dar atajiombea mwenyewe. Watagundua mara moja kwamba Kiswahili chake ni cha Kongo, naye atashangaa kwamba bukari huko ni ugali na sombe ni kisamvu, lakini atasikilizwa. Mfundisheni salamu moja kabla ya kuondoka. Watoto wa huko humsalimu mtu mzima kwa kusema «Shikamoo», naye hujibu «Marahaba». Mara yangu ya kwanza sikuijua, nikamjibu msichana wa dukani «Nzuri», na nikaona uso wake ukisita kana kwamba nimekataa salamu yake. Niliona haya siku nzima.

Malazi, msiyatafute katikati ya Kariakoo, kwa kuwa kelele hazitamwacha mama alale. Magomeni au Sinza kuna gesti safi zenye bei ya wastani. Mwezi wa saba kuna maonyesho ya biashara ya Sabasaba, na wageni huwa wengi, hivyo piga simu mapema. Mabasi ya mikoani na ya nje hufikia stendi kuu ya Mbezi, mbali na katikati ya mji. Ukiwa na mizigo mingi kodi gari. Ukiwa na michache panda daladala hadi Kimara, kisha basi la mwendokasi. Dola zako zibadilishe kwa duka la fedha linalotambulika, kwa maana tangu mwaka 2025 sheria ya Tanzania inakataza kudai au kupokea malipo ya fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani.

Bahari yenyewe haina kiingilio. Mwaka 2016 nilimpeleka marehemu baba yangu, aliyekuwa fundi wa reli maisha yake yote. Tulivuka kwa pantoni kutoka Magogoni hadi Kigamboni, nauli ndogo kabisa, tukatafuta ufuko mtulivu. Alikunja suruali, akaingia mpaka kwenye vifundo, akachovya kidole, akaonja. Akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: «Kumbe ni kweli.» Tangu shuleni alikuwa ameambiwa kwamba maji ya bahari yana chumvi, na hakuwa amewahi kuthibitisha. Alirudi na chupa moja ya maji yale, na mpaka leo imo kabatini kwetu.

Kasoro ni moja: mwezi wa saba upepo wa kusi unavuma na mawimbi ni makubwa. Watoto wasiogelee mbali na macho yenu.

Baba Mapacha, Katuba

Mama Vitenge, nakushukuru sana. Nimemsomea mama maneno yako. Nilipofika kwenye ile chupa ya maji ya bahari, aliniambia nirudie. Sasa hofu yangu ni njia: je, mzee wa miaka 68 anaiweza?

Kijana wa Kampemba

Mukubwa, anaiweza ikiwa hamtaiendea mbio. Nilipita Kitwe, Kapiri Mposhi na Mpika hadi Nakonde, mpakani upande wa Zambia, kisha Tunduma upande wa Tanzania, na kutoka hapo hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900. Kosa langu lilikuwa kukaa kwenye mabasi bila kulala kitandani hata usiku mmoja, na miguu ikavimba. Kosa la pili lilikuwa kusahau nyumbani kijitabu cha chanjo ya homa ya manjano. Nilizuiwa mpakani, basi likaondoka na begi langu, na nikalipokea Dar siku tatu baadaye. Kumbuka pia kwamba saa ya Tanzania iko mbele ya yetu na ya Zambia kwa saa moja, kwa hiyo usihesabu basi la Tunduma kwa saa ya Nakonde.

Lakini baada ya Iringa kuna zawadi: barabara kuu inakatiza hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na nikiwa dirishani niliona twiga na tembo bila kulipa kitu zaidi ya nauli. Watoto wako wakae upande wa dirisha.

Mstaafu, Makomeno

Kuna pia reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar, iliyokamilika katika miaka ya 1970. Uliza kwanza kama treni ya abiria inatembea majuma hayo kabla ya kuitegemea.

Baba Mapacha, Katuba

Wandugu, tumeamua. Jana usiku nilimuuliza mama mara ya tatu, naye akasema bahari. Tutakwenda Dar kwa basi, tukilala Mpika usiku mmoja na Mbeya usiku mmoja. Livingstone tumewaahidi watoto kwa zamu nyingine ya likelemba, mwezi wa saba vilevile, kama Mwalimu alivyoshauri. Jumatatu nitashughulikia pasipoti na chanjo za wote watano.

Mama Vitenge, soko la Kenya

Mumbebee mama koti zito na soksi. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba si ndogo, na basi huondoka kabla jua halijatoka.