Mafundi mnaovalisha ngozi mipini ya fimbo za pool (ule mchezo wa mipira mezani) kwa mtindo wa bora liende, mnatuharibia fimbo

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, sitajifanya mpole. Kama wewe ni fundi na unajijua unalipua kazi, soma mpaka mwisho ndipo uje kunitukana.

Fimbo yangu ni ya kutengenezwa kwa mkono. Sehemu ya kushikia ilikuwa imezungushiwa uzi wa kitani, juu na chini yake kuna pete za nakshi za mbao nyembamba kama kucha. Uzi ulishachoka, umeota manyoya na umekunywa jasho la kutosha, nikataka uvuliwe ivalishwe ngozi. Nikampelekea mtu anayejitangaza kuwa bingwa wa kazi hiyo, mwenye picha nzuri nzuri za kazi zake (sasa najiuliza kama ni zake kweli).

Nilichorudishiwa sikitamani hata kukishika. Ukitelezesha kidole kutoka kwenye vanishi kwenda kwenye ngozi, kinagonga ukingo. Ngozi imesimama juu ya mbao kama soksi juu ya kiatu. Maungio yanaanza upande mmoja juu na kuishia upande mwingine chini, na huko chini yamefunguka mpaka mbao inachungulia. Kwenye pete ya juu kuna mkwaruzo wa wembe umezunguka fimbo nzima. Gundi imemwagikia vanishi na kuacha ukungu. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba ngozi "itakaa yenyewe ukiizoea". Itakaa yenyewe? Ni mgeni huyo?

Sasa tuongee ufundi, maana hapa ndipo wengi wenu mnapojificha nyuma ya maneno matamu.

Ngozi ya mpini haibandikwi juu ya mbao. Inalala ndani ya mfuo, yaani mfereji mpana unaozunguka mpini, uliokerezwa kwenye mashine, kwa kawaida urefu wa sentimita 30 hivi, na kina cha mfuo huo kinatokana na unene wa ngozi ile ile utakayoiweka. Si ngozi ya mwaka jana, si ya rafiki yako. Unapima kipande ulichonacho mkononi, unahesabu na gundi, unahesabu na namna kitakavyobanwa, ndipo unakereza. Mfuo wa uzi wa kitani kwa kawaida ni wa kina kifupi kuliko wa ngozi, kwa sababu uzi wenyewe ni mwembamba. Kwa hiyo ukivua uzi na kubandika ngozi kwenye mfuo ule ule, lazima ngozi isimame juu. Tuseme imezidi milimita 0.4 tu. Fimbo ni duara, kwa hiyo kipenyo kimeongezeka milimita 0.8, na kiganja cha mchezaji hakidanganywi hata kwa nusu ya hapo. Fundi wangu hakuiweka fimbo kwenye mashine kabisa. Nimechunguza: chini ya ngozi bado kuna mabaki ya gundi ya zamani na nyuzi za kitani. Kabandika juu ya uchafu!

Halafu hesabu ya umbo. Mpini wa fimbo haulingani juu na chini, unanenepa kadiri unavyoshuka. Chukua mfano wa mpini wenye kipenyo cha milimita 27 juu ya mfuo na milimita 30 chini. Mzunguko wa juu ni karibu milimita 85, wa chini ni 94. Tofauti ni milimita 9 na ushee. Sasa wewe unakata ngozi ya mstatili, pande zote sawa, unategemea nini? Juu itapandana, chini itaachia mwanya, na ukiivuta kwa nguvu ili ifunge, maungio yanapinda. Ndicho kilichoifika fimbo yangu. Dawa yake ni karatasi tu! Zungusha karatasi kwenye mfuo, weka alama juu na chini, kata, utapata umbo lililopanuka upande mmoja. Kazi ya dakika chache, haihitaji mashine wala digrii.

Kuhusu gundi sitasema sana, kila fundi ana imani yake. Ila ile gundi ya fundi viatu, inayopakwa pande zote mbili ikaachwa ikauke kidogo, ikishagusana imeshikana. Hakuna kusogeza. Anayeitumia awe amepanga ngozi yake sawasawa kabla haijagusa mbao, la sivyo achukue gundi ya maji inayompa muda wa kutelezesha na kunyoosha. Huyu wangu inaonekana alibandika, akajuta, akabandua, akabandika tena, maana ngozi ina mikunjo ya kuvutwa vibaya. Ngozi iliyovutwa kupita kiasi ikiwa na unyevu hurudi nyuma inapokauka, na inaporudi hufungua maungio. Hata aina ya ngozi ina tabia yake: iliyotiwa dawa ya magome ya miti hukubali kubanwa na kusuguliwa mpaka ikalala sawa na vanishi, wakati ile laini iliyotiwa dawa ya kromiamu huvutika sana na huwa na tabia ya kurudi. Fundi anatakiwa ajue anashika ipi kabla hajaivuta.

Na wembe. Jamani, wembe! Maungio hukatwa kwa wembe mpya, mkato mmoja ulionyooka kufuata urefu wa fimbo, kisha yanasuguliwa kwa kitu laini kigumu, mfupa au plastiki, mpaka yafungane. Kwenye pete, ngozi inakatwa ili itoshe ndani ya ukuta wa mfuo, na ncha ya wembe inaelekezwa kwenye ngozi. Ukiugeuza ukauegemeza kwenye vanishi huku unazungusha fimbo, umechora duara ambalo haliondoki kwa kitambaa. Ngozi mbaya naweza kuibandua kesho. Pete iliyokatwa inataka msasa, vanishi mpya, na pengine kukerezwa upya sehemu nzima, na kila ukikereza unaipunguza fimbo unene wake. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Aliyeitengeneza fimbo hii alihangaika kuzipanga hizo pete zikae sawa, kaja mtu na wembe butu.

Nilipodai arekebishe, kaniambia atapitisha kifaa cha joto ili gundi ilainike. Joto hilo hilo linaweza kuivuruga vanishi na kulegeza gundi ya pete. Nimekataa, na fimbo nimeichukua.

Msinielewe vibaya, wapo mafundi wanaoijua kazi hii na mipini yao ukifumba macho na kuipapasa huhisi ngozi inaanzia wapi. Hao hawaguswi na uzi huu. Nawasema wale wanaodhani kwa kuwa wanajua kushona mkoba basi mpini wa fimbo ni kazi ndogo. Kama huna mashine ya kukereza, sema mapema, mteja aende kwingine.

Sasa naomba msaada kwa wanaojua. Mfuo ukiongezwa kina kwenye fimbo iliyokwisha kupakwa vanishi, mnazilindaje pete zisimegeke ukingoni? Na ule mkwaruzo wa wembe, unajazika kwa vanishi tone kwa tone au ni lazima pete yote ipigwe msasa? Wa "pole mkuu, nenda kwa fundi fulani" nawashukuru, lakini nataka kwanza kujua hiyo kazi inafanyikaje, ili safari hii nimuulize fundi maswali kabla sijamwachia fimbo.